Kalamu Nyekundu Niliyoingia Nayo Kanisani

Katika sikukuu ya Pentekoste kuna somo ambalo kila msomaji wa zamu huomba lisimwangukie. Ni lile la sura ya pili ya Matendo ya Mitume, ambamo Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anawataja watu waliokuwa Yerusalemu siku ile: Waparthi na Wamedi na Waelami, nao wakaao Mesopotamia, Uyahudi na Kapadokia, Ponto na Asia, Frigia na Pamfilia, kisha Misri na pande za Libya karibu na Kirene. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika wetu ulio kwenye miteremko ya Mlima Meru, somo hilo lilimwangukia kijana aliyekuwa amepata kipaimara mwaka uliotangulia. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Alisoma vizuri hadi alipofika kwa Wamedi. Hapo akaanza kwenda kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, akateleza penye Mesopotamia, na alipofika Kapadokia akasema "Kapodakia", akajisahihisha kwa kusema "Kapadokio", halafu akakimbilia mwisho wa somo huku sauti yake ikizama.

Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 31, na katika miaka hiyo yote kalamu yangu ilikuwa nyekundu. Baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wakisubiri mnada wa mazao, nilimwita yule kijana. Alikuja akanipa shikamoo, nami, mbele ya wenzake wa kwaya ya vijana na mbele ya mama yake mzazi, nikamtamkisha silabi kwa silabi: Ka-pa-do-ki-a. Nikamtamkisha mara ya pili. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, na mimi nikamalizia kwa kusema kwamba Neno la Mungu halisomwi kwa kubahatisha. Siku hiyo nilirudi nyumbani na mkungu wa ndizi nilioununua mnadani na dhamiri iliyotulia kabisa. Jina la kijana yule liliwekwa tena kwenye orodha ya zamu mara mbili, na mara zote mbili aliomba udhuru. Kisha likaondolewa, wala sikumbuki kama kuna mtu aliyeuliza sababu.

Aliyenifumbua macho ni mke wangu, na hiyo ilikuwa baada ya kama miaka miwili. Nilikuwa nimerudi kutoka kikao cha wazee wa kanisa nikilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitokezi, kwamba ukitafuta msomaji unaambulia kina mama walewale watatu. Yeye alikuwa akichambua maharage. Bila kuinua uso akaniuliza, "Wajitokeze ili uwasahihishe?" Kisha akaendelea kuchambua maharage yake.

Sikumjibu usiku ule, na ukweli ni kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nikijitetea moyoni. Utetezi wangu ulikuwa mzuri. Nilijiambia kwamba sikumtukana, sikumsingizia, na neno nililosema lilikuwa la kweli, kwa kuwa Kapadokia ni Kapadokia. Kilichonishinda ni swali moja tu: kama lengo langu lilikuwa kijana asome vizuri zaidi, mbona alipoacha kusoma kabisa sikuona kwamba nimeshindwa? Mwalimu ambaye mwanafunzi wake anaacha shule kwa sababu ya masahihisho hawezi kujisifu kwamba masahihisho yalikuwa sahihi.

Ndipo nilipoanza kumsoma kwa makini Barnaba wa kitabu hichohicho cha Matendo, mtu ambaye kwa miaka mingi nilimpita tu nikielekea kwa Paulo. Jina lake halisi lilikuwa Yusufu, Mlawi kutoka Kipro, na mitume ndio waliompa jina la Barnaba, ambalo Luka anatufasiria kuwa ni Mwana wa Faraja. Tunakutana naye mara ya kwanza akiuza shamba na kuiweka fedha miguuni pa mitume. Mara ya pili tunamkuta mahali pagumu zaidi. Sauli, ndiye Paulo huyohuyo, amerudi Yerusalemu akitaka kujiunga na wanafunzi, nao wote wanamwogopa, wala huwezi kuwalaumu, maana huyu ndiye aliyeridhia kuuawa kwa Stefano, ndiye aliyeingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani. Kila walichokuwa wakikisema juu yake kilikuwa kweli. Barnaba hakukanusha hata kimoja. Alimchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ujasiri kule Dameski. Kwa maneno mengine alimdhamini. Alichukua jina lake jema, lile lililopatikana kwa kuuza shamba na kwa mwenendo wa muda mrefu, akaliweka chini ya mtu ambaye kesho yake angeweza kumwaibisha.

Hapo nilianza kuona tofauti ambayo sikuwa nimeiona. Kukosoa kulinigharimu nini pale nje ya kanisa? Macho mawili na masikio mawili, basi. Hata heshima yangu iliongezeka, kwa sababu anayesahihisha huonekana anajua. Kumtia mtu moyo ndiko kunakotoza gharama, maana ni lazima usimame upande wake wakati bado haijulikani kama atafaulu, na akianguka na wewe unapakwa matope.

Jambo lingine lilinishangaza, na nililirudia mara kadhaa nikihakikisha kama sikosei: katika kitabu chote cha Matendo hakuna sentensi hata moja iliyonukuliwa kuwa ya Barnaba peke yake. Pale anaposikika anasema pamoja na Paulo. Huyu Mwana wa Faraja, ambaye sisi tungemtarajia awe na maneno matamu, hakutuachia msemo wowote. Ameacha safari. Habari za Antiokia zilipofika Yerusalemu, kwamba watu wasio Wayahudi wanamgeukia Bwana, kanisa lilimtuma yeye akaangalie, na Luka anasema kwamba alipofika na kuiona neema ya Mungu akafurahi. Nimekuwa mjumbe wa kamati za ukaguzi wa mitaa yetu mara nyingi, na nakiri kwamba sijawahi kuandika ripoti inayoanza na neno hilo. Mkaguzi hutafuta kasoro kwanza. Na kasoro Antiokia hazikukosa, maana baadaye palizuka huko ugomvi mkubwa wa tohara. Barnaba aliona neema kwanza, kisha akaona kwamba kazi ni kubwa kuliko yeye, akaondoka kwenda Tarso kumtafuta Sauli, aliyekuwa kama amesahaulika kwao. Wakafundisha pamoja mwaka mzima, na ni katika mji huo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Anayeendelea kusoma ataona pia kwamba kabla ya safari yao ya kwanza ya kuhubiri Luka huandika "Barnaba na Sauli", na kuanzia mji wa Pafo kule Kipro anaandika "Paulo na wenziwe". Aliyemleta akawa nyuma ya aliyeletwa, na hatusomi popote kwamba alilalamika.

Sasa, kwa sababu mimi ni mtu wa lugha, sikuweza kuliacha lile neno "faraja" bila kulichimbua. Kitenzi cha Kigiriki kilichoko nyuma yake ni parakaleo, ambacho kwa asili ni kumwita mtu aje kando yako. Waliotafsiri Biblia yetu ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, hawakukifunga kitenzi hicho katika neno moja. Paulo anapowaandikia Wathesalonike, tunasoma "farijianeni na kujengana". Barnaba alipokuwa Antiokia, tunasoma kwamba "akawasihi" wote waambatane na Bwana. Lakini kitenzi hichohicho kinapokuja katika Waebrania, katika ule mstari wa kutoacha kukusanyika pamoja, tunasoma "tuonyane". Na Yesu anapoahidi kutuma Roho, nomino iliyotokana na kitenzi hicho imekuwa "Msaidizi". Kufariji, kusihi, kuonya, kusaidia: vyote kwa mzizi mmoja. Nilipoliona hili nilifurahi kwanza kwa sababu mbaya, nikadhani nimepata ruhusa. Nikasema, kumbe kuonya nako kumo, basi sikukosea. Ila mzizi haukuniachia nafasi hiyo, kwa kuwa yule anayeonya katika maana hii lazima awe kando ya anayeonywa. Mimi nilikuwa mbele ya kijana, yeye akiwa amenikabili, na watu wametuzunguka. Hayo yalikuwa mahakama.

Tena Paulo katika barua hiyohiyo kwa Wathesalonike anagawa dawa kwa wagonjwa tofauti: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu watiwe moyo, wanyonge watiwe nguvu, na watu wote wavumiliwe. Neno lililotafsiriwa "walio dhaifu" kwa Kigiriki linawataja watu wenye roho ndogo, yaani wale ambao ujasiri wao ni haba na huisha upesi. Kijana anayesimama mara ya kwanza mbele ya mimbari na kutetemeka ni wa kundi hilo. Nilimpa dawa ya wakorofi.

Najua pingamizi ambalo msomaji wa Kiswahili analo tayari ulimini, kwa sababu na mimi nilikuwa nalo, na wahenga wamelifunga vizuri: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumelelewa na methali hii. Baba hakumsifu mtoto mbele yake asije akalewa sifa, na mwalimu aliyetoa alama 92 aliandika pembeni "ongeza bidii". Siidharau methali hiyo, kwa kuwa nimewaona wagema wengi, wakiwamo wahubiri waliopigiwa makofi mpaka mahubiri yao yakawa maji matupu. Lakini methali inasema juu ya sifa, na sifa ni kitu kingine. Sifa humtazama mtu na kumwambia kwamba amekwisha kufika. Kutia moyo humtazama mtu aliye njiani na kumwonyesha kwamba hatua aliyopiga imeonekana, na kwamba njia iliyobaki inapitika. Tena wahenga haohao waliosema habari za mgema ndio waliosema mcheza kwao hutunzwa, na kwetu kanisani tunaitii methali hii ya pili kila Jumapili ya sherehe, kwaya inapoimba na watu wakatoka kwenye viti kwenda kuitunza. Ni ajabu kidogo kwamba twamtunza mwimbaji aliyefanya mazoezi miezi mitatu pamoja na wenzake 30, halafu msomaji aliyesimama peke yake tunamngoja nje na masahihisho.

Kuhusu kosa lenyewe, je, liachwe? Hapa mfano wangu ni wa mume na mke, Akila na Prisila. Apolo, mtu wa Aleksandria, hodari wa maandiko na msemaji mzuri, alifika Efeso akihubiri sinagogini kwa moto mwingi, ila alikuwa anajua ubatizo wa Yohana tu. Hilo ni pungufu kubwa kuliko kukosea Kapadokia, kwa kuwa linahusu kiini cha mafundisho. Wale wawili walimsikia, hawakuinuka katikati ya watu, wakamchukua kwao wakamweleza njia kwa usahihi zaidi. Napenda kufikiri kwamba palikuwa na chakula, ingawa Luka hasemi. Kilichofuata ndicho huwa tunakipita haraka: Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimhimiza, wakawaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe. Alisahihishwa na akapewa barua ya kumtambulisha. Usahihi haukupotea, na mhubiri hakupotea pia.

Kuna upande mmoja ambao sitaki kuupita kwa upole, kwa sababu nimeona neno "kutiana moyo" likitumiwa kama shuka la kufunikia uchafu. Mweka hazina akiulizwa stakabadhi za ujenzi, anajibiwa na wengine kwamba tusivunjane moyo. Mtumishi akilalamikiwa na msichana wa kwaya, unasikia "msiwaguse masihi wangu". Huo si utiaji moyo hata kidogo, na Maandiko hayausaidii. Paulo alimpinga Kefa, yaani Petro, ana kwa ana pale Antiokia, mbele ya wote, kwa sababu Kefa alikuwa amejitenga na meza ya watu wa mataifa na kuwavuta wengine pamoja naye, na mmoja wa waliovutwa alikuwa Barnaba mwenyewe. Nakiri kwamba mstari huo unaniuma kidogo, kwa jinsi ninavyompenda. Huenda mtu mwepesi wa kuwa upande wa kila mtu ndiye anayekabiliwa na kishawishi hicho zaidi ya wengine. Pale ambapo mdogo anaumizwa na mwenye nguvu, kumtia moyo mdogo ndiko kumkemea mwenye nguvu, na mahali pa kemeo hilo ni hadharani. Nilichokuwa nafanya mimi kilikuwa kinyume chake: nilikuwa mpole kwa wakubwa katika vikao na mkali kwa watoto uwanjani.

Barnaba na Paulo walikuja kugombana wao kwa wao, na kisa kilikuwa kijana. Yohana Marko, binamu yake Barnaba, alikuwa amewaacha katika safari ya kwanza walipofika Perge, akarudi Yerusalemu. Walipopanga safari ya pili, Barnaba alitaka wamchukue tena. Paulo akaona haifai kumchukua mtu aliyewakimbia kazini. Kama ningekuwa katika kikao kile, kura yangu ingekuwa ya Paulo, na hoja zangu zingekuwa nzito. Luka anasema yalitokea mashindano hata wakatengana, na neno la Kigiriki alilolitumia hapo, paroxysmos, linapatikana mahali pengine pamoja tu katika Agano Jipya, nako ni katika Waebrania, ambako kwetu limetafsiriwa "kuhimizana" katika upendo na kazi nzuri. Moto mmoja, matumizi mawili. Barnaba alimchukua Marko wakapanda chombo kwenda Kipro, na kitabu cha Matendo hakimtaji tena. Ila miaka mingi baadaye Paulo, akiwa kifungoni na mwisho wake u karibu, alimwandikia Timotheo amchukue Marko aje naye, "maana anifaa kwa utumishi". Kanisa tangu zamani limeihusisha Injili ya pili na jina la kijana huyo, na Wakopti wa Misri humhesabu kuwa ndiye aliyelianzisha kanisa lao.

Nimejaribu kubadilika, na nasema nimejaribu kwa sababu mke wangu husoma ninachoandika. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba "umefanya vizuri" haimtii mtu moyo, kwa kuwa maneno hayo anaambiwa kila mtu na yanaweza kusemwa na mtu aliyekuwa amesinzia. Sura ya mwisho ya barua kwa Warumi ilinifundisha zaidi kuliko semina yoyote. Paulo anawataja watu wengi mno, wala hawataji kwa jumla tu: Fibi amewasaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe, Prisila na Akila waliweka shingo zao hatarini kwa ajili yake, Mariamu alijitaabisha sana, mama yake Rufo amekuwa mama kwake pia. Wengi wao wamepewa kila mmoja kitu chake mwenyewe. Kwa hiyo siku hizi nakaa kanisani na kijitabu kidogo, na badala ya kuandika makosa naandika jambo moja nililolisikia au kuliona. Ni kazi ngumu kuliko kusahihisha. Kosa hujileta lenyewe sikioni, ila wema wa mtu unataka kutafutwa. Mwezi uliopita nilimwambia mzee anayepiga kengele kwamba nimeona hufika kabla ya alfajiri hata mvua ikinyesha, akanitazama kwa mashaka kama mtu anayengoja kuombwa mkopo.

Wasomaji wa zamu nao tumewapangia Alhamisi jioni. Tunakaa benchi la nyuma, watu wawili tu, wanasoma, na kama kuna jina gumu tunalitamka pamoja mara mbili tatu, kisha tunazungumza habari nyingine. Pentekoste iliyopita binti wa kidato cha pili alisoma orodha yote hadi Kirene. Aliwaruka Waelami kabisa. Nilipokutana naye nje nilimwambia kwamba alipofika pale watu wanaposema wanasikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha zao, alipunguza mwendo, na mimi nikasikia kama mara ya kwanza. Waelami sikuwataja.

Baada ya ibada hiyo niliomba namba ya simu ya yule kijana kwa mama yake. Yuko Dar es Salaam, ni fundi wa milango na madirisha ya aluminiamu, na ana mtoto mmoja. Nilimpigia jioni. Alinishangaa, akanipa shikamoo, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna, nimempigia kumwomba radhi kwa jambo la siku nyingi, nikalieleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hayo nilishayasahau." Tukaongea habari za mvua, bei ya vioo, na kama lile jengo la kanisa limekwisha kupigwa plasta upande wa nyuma. Muda wa maongezi ulikuwa unaelekea kuniishia, nikamuaga. Kabla sijakata simu nikamsikia akicheka kwa chini, akasema, "Haya mwalimu, nisalimie watu wa Kapadokia."